Barua kwa mwanangu: fundi umeme hatafutwi saa nne usiku

Ujiji, Kigoma

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mdogo wako kapona homa, hofu ni kwako tu. Tangu uliponipigia Jumapili usiku ukaniambia soketi ya chumbani imetoa moshi, nawe unapekua simu saa nne usiku kutafuta fundi umeme wa kuja Isevya, huko Tabora, sijalala vizuri. Niliogopa, nikaishia kukugombeza. Nisamehe mama yako. Nimeona nikuandikie, maana maneno ya simu yanasahaulika, na karatasi unaweza kuibandika ukutani.

Kilichonitisha zaidi si ule moshi. Ni uliponiambia meni swichi iko sebuleni kwa mama mwenye nyumba, naye kafunga mlango kaenda Sikonge msibani. Wapangaji sita mnatumia LUKU moja, na hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuzima umeme wa nyumba! Hata fundi bingwa angefika dakika ile, angeanzia wapi? Huyo mama akirudi, mwendeeni wapangaji wote pamoja, kwa adabu, mpeni pole ya msiba, kisha mumwombe ufunguo mmoja ubaki kwa mpangaji wenu wa siku nyingi, au swichi ihamishiwe koridoni. Kodi mnalipa, jambo hili si la kuonea haya. Na matengenezo ya soketi ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo ajue tangu mwanzo.

Unalikumbuka friza langu la migebuka? Kisa chake sikuwahi kukusimulia sawasawa, ulikuwa bweni. Siku tatu nzima nyumba ilinuka shombo. Mimi muuza samaki, shombo ndiyo harufu ya kazi yangu, sikushtuka. Nikaliosha friza kwa ndimu, nikamwaga barafu yote, nikamfokea binti aliyekuwa akinisaidia. Harufu ikabaki palepale. Siku ya nne nikaegemea ukuta kando ya friza, nikasikia joto mgongoni. Kuchomoa plagi, naona mguu wake mmoja mweusi tii, na uso wa soketi umelegea kama nta, umebonyea pale tundu lilipo. Kumbe plastiki ya umeme ikiungua taratibu inaweza kunuka shombo. Skrubu ilikuwa imelegea, waya haukushika vizuri, na friza linavuta umeme usiku na mchana. Pale penye mshiko mlegevu ndipo panapochemka. Ukisikia shombo na hujapika samaki, zima kwanza, halafu ndipo utafute inatoka wapi.

Kosa langu lilikuwa lililofuata. Nilimwita kijana wa kwanza aliyeelekezwa barabarani, kwa sababu samaki walikuwa wanaharibika. Akabadilisha soketi kwa dakika kumi, bila kuzima umeme. Breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ilipokuwa inakata, akaitoa ile ya ampea 20 akaweka ya 32, akaniambia, "Sasa haitakusumbua tena mama." Nikamshukuru, nikamlipa, nikampa na samaki wawili.

Baada ya wiki chache friza likaanza kuning'ata vidole kwa umeme kila nilipoligusa nikiwa pekupeku. Safari hii nikaenda kuuliza kwenye duka la vifaa vya umeme, wakanielekeza kwa fundi mtu mzima mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji. Alizima meni swichi, akapima kwa tesa kuhakikisha umeme umekatika kweli, ndipo akafungua. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatwa, unaning'inia mle ndani. Akanieleza kwamba breka kazi yake ni kuulinda waya. Ule wa ukutani ulikuwa wa milimita 2.5, na ukiuwekea breka kubwa kuliko uwezo wake, waya unaweza kuungua ndani ya ukuta na breka isikate. Nami kipindi chote hicho nilikuwa nasimama kwenye sakafu yenye maji, na wewe ulipokuja likizo ulinitolea samaki humo bila viatu. Mpaka leo nikilikumbuka hilo mwili unasisimka.

Kwa hiyo mwanangu, fundi mtafute mchana, wiki hii hii, kabla hujamhitaji. Nenda madukani huko mjini Tabora wanakouza nyaya. Muuza duka anawajua: nani hununua breka na ethi rodi, na nani kila siku hununua solotepu tu. Waulize na walimu wenzako, nyumba zao nani kazifunga waya. Ukimpata, muombe akuoneshe leseni, usione aibu, aliye nayo haoni tabu. Mpe kazi ndogo kwanza, hiyo soketi yako inatosha, umwone anavyofanya. Muulize pia usiku anatoza kiasi gani kuja, maana usiku ukiwa na hofu hutapatana bei vizuri. Akibadilisha kitu, akuachie kile kilichoungua ukione. Akikwambia "tuunganishe moja kwa moja kwa muda", mwambie asante, aende.

Umeme ukikatika, chungulia kwanza nje na uangalie uniti. Mtaa mzima ukiwa giza, au waya wa nguzo umeanguka, hiyo si kazi ya fundi wako. Kaeni mbali nao, mpige 180 ya TANESCO. Mita nayo ni mali yao, fundi wa mtaani asiiguse wala asikate lakiri yake.

Moto ukishika, usimwage maji. Kama swichi inafikika, zima. Kama haifikiki, toka, wagongee wenzako milango, piga 114 zimamoto mkiwa uani. Vyombo tutanunua vingine. Na mtu akinaswa na umeme usimshike kwa mkono, hata akiwa rafiki yako, zima kwanza. Mvua za Tabora zinakuja na radi zake, wingu likitanda chomoa plagi ya televisheni mapema.

Hiyo soketi iliyotoa moshi usiichomekee kitu tena, hata chaji ya simu, mpaka ifunguliwe. Nimemkabidhi mjomba wako anayekuja huko na treni kifurushi cha migebuka mikavu na chupa ya mawese. Akifika, mpe jina na namba ya fundi uliyempata, na jina la mpangaji anayeshika ufunguo. Nataka niviandike ukutani hapa, pembeni ya friza.

Mama yako