Neno la Asubuhi: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi mliofika leo kwa mara ya kwanza mkakaa karibu na mlango,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina baada yangu. Nimezipitia, ziko sawa. Ada zimelipwa kwa kusuasua, na fedha nyingi zimekwenda kwenye vocha, kodi ya chumba hiki na nauli za kuwafuata wenzetu wanapozidiwa. Muda wangu naomba niutumie kwa jambo moja tu, neno la asubuhi, ule ujumbe mfupi wa kutiana moyo tunaotumiana kila alfajiri sisi tunaopambana kuacha pombe, kwa sababu naamini ndilo lililotushika mkono mwaka mzima.

Mwaka 2024 ulikuwa na siku 366. Asubuhi mbili tu neno halikutoka. Ya kwanza nilikuwa na homa na simu ilizima. Ya pili nitaieleza, maana ina uzito wake.

Wageni huuliza kwa nini tunatuma saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Mlevi halali saa hiyo. Sisi tunaijua: mwili umelowa jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na akili yote inawaza jambo moja, wapi nitapata kidogo cha kuzimua. Hiyo ndiyo saa ambayo siku inaamuliwa. Anayezimua saa kumi na mbili, saa nne atakuwa kilabuni. Kwa hiyo neno lazima lifike kabla ya chupa. Wenye simu kubwa wanalipata kwa sauti, wenye vitochi kwa ujumbe wa maandishi, na wazee wawili wasiosoma katibu huwapigia mwenyewe. Namshukuru sana katibu wetu kwa hilo. Hajawahi kulalamika.

Hadi Desemba 2023, maneno yale yalikuwa yakiandikwa na mchungaji, padri na ustadhi wanaotupenda. Yalikuwa maneno mazuri na bado tunawaheshimu. Lakini Januari tulibadilisha utaratibu, neno likawa la zamu, kila mwanachama siku yake. Wapo waliopinga, wakasema mtu aliyeacha pombe miezi miwili atamfundisha nani. Leo nataka niwajibu kwa utulivu.

Mei 1935, mtu mmoja aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa akifanya kazi ya hisa New York, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na miezi kama mitano bila pombe. Biashara iliyompeleka kule ilikuwa imeharibika, mfukoni hana kitu, na pale hotelini alisikia vicheko kutoka baa. Hakutafuta mtu wa kumpa moyo. Alikwenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine ambaye angeweza kuzungumza naye. Alijua kwamba asipompa mtu moyo, yeye mwenyewe atakunywa. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye alikubali kumsikiliza robo saa tu. Walikaa zaidi ya saa sita. Kutoka kwenye mazungumzo yale ukazaliwa ushirika wa walevi wanaosaidiana ambao leo uko duniani kote.

Ndugu zangu, hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Neno la asubuhi humwokoa kwanza yule anayelisema. Anayesikiliza hupata sehemu yake, lakini aliyekesha akiwaza kesho atawaambia nini wenzake, huyo usiku ule hakunywa.

Nimeliona hili kwa mama mmoja wa hapa, muuza ndizi. Miaka miwili alikuja akakaa kimya, akaondoka kimya. Zamu yake ilipofika nilifikiri atakataa. Alisema hivi, na nimeihifadhi sauti yake kwa ruhusa yake: "Nimeamka. Mikono haitetemeki. Naenda sokoni. Jioni Mungu akinipa nitarudi kwa njia ya juu, siyo ile inayopita kilabuni. Basi." Sijasikia mahubiri yaliyonigusa zaidi mwaka huu. Wanachama wengine tangu siku hiyo wana msemo, "leo napita njia ya juu," na kila mmoja wetu anaelewa.

Tumejifunza pia neno la asubuhi linapaswa kuwaje. Liwe fupi. Liseme habari za leo, kwa sababu mlevi ukimwambia "usinywe maisha yako yote" umemwekea mlima, ukimwambia "usinywe leo" umempa hatua. Wana wa Israeli jangwani walipewa mana ya siku moja, na aliyejaribu kuiweka mpaka asubuhi ilimwotea mabuu. Mwenzetu mmoja alilisema vizuri: kutokunywa kwangu kwa jana nimeshakula, leo naokota upya. Vitisho vya moto wa milele tumeviacha kabisa. Sisi tumeshaishi kwenye moto, na kila mmoja wetu alishatishwa na mke, na mama, na bosi, na hakuna aliyeacha kwa kutishwa.

Kuhusu dini, mwaka huu Mungu alitupa zawadi. Kwaresima ilianza Februari 14, na ilipokuwa bado inaendelea, katikati ya Machi Ramadhani ikaingia. Kwa wiki kadhaa Wakristo na Waislamu wa chama hiki tulifunga pamoja. Ndugu yetu Mwislamu alitueleza kwa zamu yake jinsi katazo la pombe lilivyoshuka kwa hatua, kwamba kabla ya katazo kamili la Sura Al-Maida aya ya 90, waumini walikatazwa katika An-Nisaa aya ya 43 kuisogelea sala wakiwa wamelewa. Na kwa kuwa sala ni tano kwa siku, akasema, nafasi ya kulewa ikabana saa kwa saa. Wakristo wengi waliniambia neno hilo liliwasaidia kuweka sala ndogo ndogo katikati ya siku, mchana na jioni, siyo asubuhi peke yake.

Lakini mfungo una mtego wake, na lazima niuseme kwa sababu ulininasa mimi mwenyewe miaka ya nyuma. Mlevi anaweza kukaa siku 40 bila tone. Anafika Pasaka anajiambia, kumbe naweza, basi mimi siyo mlevi. Halafu anakunywa ili kusherehekea kwamba si mlevi. Vivyo hivyo viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017, nilidhani serikali imenisaidia kuacha. Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa nyumba ya jirani ninakunywa gongo. Kwa hiyo Pasaka na Idi mwaka huu tuliweka watu wawili wa zamu badala ya mmoja, na tutaendelea hivyo.

Sasa ile asubuhi ya pili ambayo neno halikutoka.

Alikuja kwetu mwanamume aliyekuwa akinywa kila siku kwa zaidi ya miaka kumi, tangu anapoamka. Alilia mbele yetu, akasema anaacha leo. Tukafurahi, tukamwekea mikono, tukamwombea, tukamwaga pombe yake shimoni. Tukamrudisha nyumbani na neno la Mungu. Usiku wa pili alianza kuona watu wasiokuwepo ukutani, kisha akaanguka degedege. Familia ilimkimbiza hospitali na sisi tukakesha huko. Alfajiri ile hakuna aliyekumbuka simu. Mungu ashukuriwe, yu hai, na leo yuko humu.

Kosa lilikuwa letu, na kama mwenyekiti lilikuwa langu. Madaktari walitueleza jambo ambalo tulipaswa kulijua: mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikata ghafla, siku tatu za mwanzo zinaweza kumuua. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapoikosa, si udhaifu wa imani. Mwili umezoea na unahitaji dawa za kuutuliza, maji, chakula, na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Tangu siku hiyo utaratibu ni mmoja: mgeni anayekunywa kila siku anapelekwa kwanza kwa mganga wa hospitali, na mmoja wetu anakaa naye. Maombi tunayafanya palepale kitandani. Anayesema kwamba kumpeleka mtu hospitali ni kukosa imani, naomba aje anione, nitamsimulia usiku ule mwanzo hadi mwisho.

Lipo jambo moja kamati haikukubaliana, na nalileta kwenu. Agosti, mwenzetu mmoja aliteleza usiku wa kuamkia zamu yake. Alinipigia saa tisa usiku akiomba nimtafute mwingine. Nilimwuliza kama pombe imemtoka, akasema imemtoka, imebaki aibu. Nikamwambia zamu ni yake. Alfajiri alisema, "Jana nilikunywa. Leo sijanywa. Niombeeni mpaka saa sita mchana, nitawapigia." Saa sita alipiga. Baadhi ya wajumbe wanaona nilikosea, kwamba neno lilichafuliwa na walio wachanga wakavunjika moyo. Nawaheshimu, na nimewasikiliza kwa vikao viwili. Mimi nabaki na yule daktari wa Akron. Baada ya yale mazungumzo marefu na Bill, alikwenda kwenye mkutano wa madaktari akalewa tena. Angefukuzwa, hadithi yote ingeishia pale. Walimpokea, na Juni 10, 1935 alikunywa kwa mara ya mwisho. Alikaa bila pombe mpaka kifo chake mwaka 1950. Amueni ninyi kwa kura leo.

Mwisho wa mwaka mnaufahamu. Desemba mlima wetu wa Kilimanjaro unajaa, ukoo mzima unarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inapikwa kila kihamba, yaani kila shamba la ukoo. Ndizi, ulezi na gome la msesewe linalotiwa humo havina kosa, ni vya babu zetu. Lakini kwa mzee kukupa kata ya mbege ukaikataa mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na wengi wetu tumeanguka kwa kuogopa hilo tu. Mwaka huu kijana wetu mmoja alimwendea babu yake siku tatu kabla ya Krismasi, peke yake, na jani la sale mkononi. Kwa Mchagga sale ni jani la kuombea msamaha, na haikataliwi. Aliomba msamaha kwa miaka aliyomtia aibu, kisha akaomba asipewe kata. Siku ya sikukuu babu alipofika kwake kwenye mzunguko, alisema kwa sauti, "Huyu mleteeni maziwa." Hakuna aliyecheka. Kijana alitusimulia hayo kwenye neno la Desemba 26, na nilisikia sauti yake ikikatika.

Ninaomba mkutano uidhinishe mambo matatu. Kwanza, neno la pili la saa kumi na mbili jioni, maana wanaofanya vibarua wanasema vita yao huanza wanapolipwa. Pili, fungu dogo la nauli ya hospitali lisiloguswa kwa kazi nyingine. Tatu, wake na waume zetu wapewe siku moja kwa wiki ya kusema wao. Wameamka alfajiri kwa ajili yetu miaka mingi, na hatujawauliza wanaomba nini saa hiyo.

Wale mliokaa karibu na mlango, hamdaiwi ada leo, wala hakuna atakayewauliza majina. Daftari la zamu liko mezani kwa katibu. Kesho bado haina mtu.