Wenye pikapu za mzigo Mbeya, angalieni shokapu kabla mvua hazijaanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye pikapu za mzigo, hasa hizi zinazoshusha viazi kutoka Umalila na kule Isyonje, pamoja na madereva wao, maana kuna kitu kinapuuzwa sana huku kwetu nacho ni shokapu, zile bomba za oili zinazotuliza mdundo wa springi.

Ukimwambia tajiri wa gari kwamba shokapu zimekufa anakujibu hii gari ni ya viazi sio ya harusi, vumilia tu. Anaona ni mambo ya dereva kutaka kukaa vizuri kwenye siti. Wengine ndo wanaharibu kabisa, wanaongeza majani (zile bamba za chuma) kwenye springi za nyuma ili ipande lumbesa nyingi alafu shokapu wanaacha zilezile zilizochoka, na wapo wanaozifungua na kuzitupa, wanakwambia hazina kazi kwasababu mzigo umebebwa na springi. Ni kweli mzigo unabebwa na springi. Lakini springi ikigandamizwa lazima iruke, na ukiongeza majani inaruka kwa nguvu zaidi, sasa wa kuituliza ni shokapu, mle ndani kuna pistoni inasukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, ile nguvu ya kuruka inageuka joto inaisha. Shokapu ikifa springi inadunda inavyotaka, tairi inagusa lami inaachia, inagusa inaachia, na tairi ikiwa hewani haina breki wala haisikii usukani. Hebu fikiria mtu anashuka kutoka Isyonje kuja Uyole na ukungu ule na lami imelowa, nyuma ana magunia na juu ya magunia wamekaa watu.

Tatizo la pili ni upimaji. Fundi anakuja anabonyeza bodi kona moja, anaachia, haidundi, anakwambia nzima hiyo endelea na safari. Kwa gari ndogo kile kipimo kinasaidia, ukiachia ikapanda na kushuka zaidi ya mara moja au mbili ujue zimechoka. Ila pikapu tupu springi zake za nyuma ni ngumu, mtu mmoja anabonyeza mpaka anachoka na bodi haijasogea, hapo umepima nini?

Ingia uvunguni uangalie kwa macho. Shokapu yenye unyevu kidogo wa oili ulioshika vumbi pale juu isikutishe, ila ukikuta oili imetiririka mpaka kwenye bushi ya chini, ule mpira wa pale inapofungiwa, basi sili inayozuia oili isitoke imekwisha. Angalia na bushi zenyewe kama zimepasuka, na ile shafti, chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu, kama imepinda au ina mikwaruzo. Tairi nayo inasema, pitisha kiganja juu yake taratibu kuizunguka, ukisikia mabonde mabonde kuna uwezekano mkubwa ilikuwa inaruka. Alafu kuna kipimo cha joto ambacho naona wachache wanakitumia na hakina gharama yoyote: ukitoka barabara mbovu, simamisha gari, gusa shokapu moja moja kwa tahadhari maana zinaweza kuunguza. Zinazofanya kazi utazikuta na joto, ile iliyobaki ya baridi wakati mwenzake wa upande wa pili ana joto, hiyo imelala.

Kama bado una wasiwasi ifungue. Isimamishe wima, vuta na sukuma mpaka mwisho, inatakiwa iwe nzito njia nzima, ukikuta sehemu inapita bure au inakwama haifai. Na msidanganyane kwamba isiyojirudisha yenyewe ni mbovu, ya oili tupu haijirudishi, inayojirudisha polepole ni ya gesi. Kuweni macho pia na zile zinazotobolewa, zinajazwa oili yoyote, zinachomelewa na kupakwa rangi nyeusi, kwahiyo mkiwa dukani tafuteni alama ya kuchomelea.

Kwenye kubadilisha, nunua mbili, za ekseli moja zinafungwa pamoja, ukiweka mpya kushoto na kuukuu kulia gari itakuvuruga kwenye kona. Weka vigingi kwenye tairi na stendi chini ya chesisi, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni dakika mbili. Ekseli nayo ipe jeki yake kwasababu ukifungua shokapu inaweza kushuka ikavuta mpira wa breki. Za mbele kama springi imezunguka shokapu yenyewe, ile nati ya juu katikati usiiguse bila kifaa cha kubana springi, ikifyatuka inaua mtu, mpelekee fundi mwenye kifaa. Shokapu mpya ya oili isimamishe uipampu mara kadhaa upepo utoke ndo uifunge. Alafu bolti za kwenye bushi zikazwe mwisho kabisa gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, hapa mafundi wetu wengi wanakazia gari ikiwa juu, ikishuka bushi inabaki imejisokota na haichukui muda inapasuka, mwenye gari anarudi kulalamika spea feki.

Kwa trafiki wetu naomba kitu kimoja, ile Wiki ya Nenda kwa Usalama magari yanapokaguliwa, pikapu za mzigo ziangaliwe na uvunguni, sio taa na honi tu. Na matajiri, dereva akikwambia shokapu usimuulize kwanza hesabu ya leo, shuka uingie nae uvunguni akuonyeshe.

Dereva wa pikapu,
Uyole, Mbeya