Kwa Mama Furaha, kutoka Mpika

Mpika, Zambia
Jumapili jioni, Novemba 2024

Mpendwa Mama Furaha,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu huko Mbeya. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imezima tangu asubuhi, na jirani yetu anaondoka kesho kwenda Nakonde kununua vitenge. Amesema atavuka upande wa Tunduma amkabidhi konda wa Coaster. Barua ikikufikia na madoa ya mafuta, usimlaumu, kwenye mkoba huohuo kabeba na vitumbua vya njiani.

Ule ujumbe wako wa mwisho umenichekesha sana. Eti wamisionari mnashinda mkifanya nini? Najua picha mliyobandika ukutani kanisani: Baba Neema chini ya mwembe na Biblia mkononi, watu wameketi kwenye nyasi. Ni ya kweli ile, ila ilipigwa siku ya wageni. Acha nikusimulie ya jana, Jumamosi, nawe uwasomee akina mama.

Jana ilianza saa nane usiku, umeme uliporudi. Nchi hii umeme wake mwingi unatokana na maji, na kwa ukame wa mwaka huu Ziwa Kariba limeshuka vibaya. Rais alikwisha kutangaza janga la kitaifa tangu Februari. Basi umeme ukija tunaupokea kama mgeni wa usiku: hajasema atakaa muda gani, kwa hiyo nyumba nzima inaamka kumhudumia. Fundi wa mageti ng'ambo ya barabara anachomelea, mashine ya kusaga inanguruma, mimi napiga pasi, pampu inavuta maji. Baba Neema alikuwa anachapa ratiba ya ibada ya mazishi. Printa ikatoa ukurasa mmoja na nusu, giza likarudi. Nusu iliyobaki akaimalizia kwa mkono, kwa mshumaa. Na mwandiko wake unaujua.

Aliyefariki ni bibi wa muumini wetu mmoja, kijijini, barabara ya kwenda Chinsali. Huku pikapu ya mchungaji ni ya kila mtu, na msiba ukitokea ndiyo gari la jeneza. Jeneza lilinunuliwa hapa mjini juzi, likalala barazani kwetu, watoto wakawa wanapitia mlango wa nyuma. Alfajiri wakaja kulipakia. Pikapu ikagoma kuwaka. Vijana wa kwaya wakaisukuma mpaka kwenye mteremko wa sokoni, ikakohoa, ikawaka, wakaondoka nayo mbiombio kabla haijabadili mawazo. Nyuma kulikuwa na jeneza, wazee wawili, mabibi wasiohesabika, na Neema, aliyedai anakwenda kushika vitabu vya nyimbo. Mimi najua alikuwa anavikimbia vyombo.

Ya njiani nayajua kwa kinywa chake, kwa hiyo punguza mwenyewe panapostahili. Anasema hawakufika mbali, tairi la nyuma likapasuka. Kushusha la spea, nalo limelala, halina hata upepo wa kumpulizia moto mtu. Wakakaa pembeni, jeneza linachomwa na jua, mabibi wanaimba taratibu. Baba Neema, ambaye historia haimtoki hata msibani, akaanza kuwasimulia habari za Susi na Chuma, watumishi wa yule mmisionari Livingstone. Livingstone alifia Chitambo, kusini mwa hapa, mwaka 1873. Wenzake wakauzika moyo wake palepale chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka uliofuata. Alitaka kuwatia moyo, nadhani. Bibi mmoja akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wao spea yao ilikuwa na upepo?"

Ndipo likasimama lori la shaba, namba za Tanzania, linaelekea Dar. Dereva kashuka na tingo wake, kaanza kwa Kiingereza cha barabarani. Baba Neema akamjibu, "Za safari, ndugu yangu?" Mwanaume wa watu akarudi nyuma! Kiswahili katikati ya pori la Muchinga, kinatoka kwa mtu aliyesimama kando ya jeneza. Neema anaapa kwamba swali lake la kwanza lilikuwa, "Kuna mtu humo?" Alipohakikishiwa ni tupu, rangi ikamrudi. Akatoa mpira mrefu, akauchomeka kwenye tangi la upepo wa breki za lori, spea ikavimba huku tunatazama, anasema Neema, kana kwamba nami nilikuwepo. Ni mtu wa Makambako. Pesa alikataa katakata. Akaomba aombewe tu kwa ajili ya foleni ya Nakonde, na foleni ile wewe mwenyewe umeiona, haiombewi kwa sala fupi.

Walifika jua limeshapanda. Hakuna aliyenung'unika wala aliyeanza bila wao, maana jeneza walikuwa nalo wao. Ratiba ikaenda vizuri mpaka pale printa ilipokatiwa umeme. Kuanzia hapo Baba Neema alisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaigeuza kwenye mwanga. Mzee mmoja wa kijiji akamgusa bega, akaendelea yeye, kwa Kibemba, bila karatasi, na Neema anasema watu walilia vizuri zaidi.

Unadhani mimi huku nyumbani nilipumzika? Tulikuwa tunachambua mbegu za maharage uani, maana mvua ilikuwa inanukia. Kitindamimba wangu kanyamaza. Wewe ni mama, unajua ukimya wa mtoto wa miaka mitatu una maana gani. Kageuka ananitazama, harage moja puani. Nikajaribu kumwambia apige chafya, badala yake akavuta pumzi kwa nguvu, likazama. Zahanati ni mbali, pikapu iko msibani, na harage likikaa mahali penye unyevu linavimba. Nikaanza kutafuta viatu, vyake na vyangu, nikapata kimoja kimoja. Kelele zangu zikamleta Bana Mulenga, bibi jirani. Hakuuliza kitu. Akaketi chini, akampakata, akambana tundu la pili la pua kwa kidole, akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa mtoto kama anayembusu, akapuliza mara moja, pfuu! Harage likaruka na kamasi zake, likatua kwenye kitenge chake. Nilitaka kulia. Yeye alilifuta, akalichunguza, akalirudisha kwenye beseni la mbegu. Mtoto akasema, "Tena."

Ya kuku wa sadaka aliyetagia kwenye droo ya hotuba za Baba Neema nayaacha, maana karatasi inakwisha.

Jioni ikaja mvua ya kwanza. Mama Furaha, wewe uliyekulia Tukuyu pamoja nami huwezi kuijua furaha hii, sisi kwetu mvua ilikuwa inatuchosha. Huku watu walitoka nje wakasimama ndani yake. Na katikati ya furaha hiyo wakabisha hodi wazee wawili wa kanisa kutoka Kasama, tuliowatarajia wiki ijayo. Ndani kuna unga na kabichi moja. Nikawasha taa ya sola niwatafutie mahali pa kukaa, na mvua ilipokatika kumbikumbi wakaiona taa ile. Walimiminika kwa mlango, kwa dirisha, kwa chini ya bati. Sufuria ya kabichi ikawa mbawa tupu, mzee mmoja anawatoa kwenye kola. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini watoto wa mtaa walikwisha kuja na mabeseni ya maji, wakaliweka moja chini ya taa, na kumbikumbi wakawa wanajitosa wenyewe. Wakapepetwa mbawa, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Huku wanawaita inswa. Tukawala kwa ubwali, ugali wao mweupe ulio laini kuliko wetu. Wazee wakamshukuru Mungu kwa ukarimu wa nyumba hii iliyojua kuwaandalia chakula cha msimu. Sikubisha.

Baba Neema aliingia tunakula, ameloa chapachapa, pikapu kaiacha kwenye mteremko makusudi kwa ajili ya asubuhi. Akaonja, akatafuna, akatangaza kwamba ni wazuri lakini senene wa Bukoba hawana mpinzani. Mtu wa Kagera ukimpa mana ya jangwani ataifananisha na senene.

Akina mama wakiuliza michango yao ya mwisho itakwenda wapi, waambie betri. Ya pikapu. Najua haipendezi kwenye taarifa, kila mtu angependa kusikia bati la kanisa, lakini andika betri. Na kama mhazini atanung'unika, mwambie ndani ya gari lile mwaka huu wamesafiri maharusi, wagonjwa, mahindi ya msaada na marehemu, na wote walianza safari kwa kusukuma.

Kwangu mimi, ukipata mtu wa uhakika, nitumie mchele wa Kyela hata kilo mbili, na chai ya kwetu. Neema anaomba daftari za mistari mikubwa. Mdogo wake hana ombi ila anakusalimu kwa pua zote mbili.

Nisalimie Baba Furaha, mabinti, na Mama Mchungaji. Mwambie mwalimu wa kwaya ule wimbo aliotutumia vijana wameushika, ila wameuongezea ngoma na sasa hautambuliki.

Ndugu yako katika Bwana,
Mama Neema