Mwambie wifi yako asivinunue

Kikwajuni, Unguja
Ijumaa jioni

Shoga yangu Salma,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, Bi Time kashapona mguu na karudi kugombana na watu wa maji. Wa nyumbani nitawaulizia chini huko, leo nina haraka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na umesema wifi yako anaondoka London Jumatano, basi kubwa nalitanguliza: mpigie leo leo, mwambie asivinunue vile viatu. Vile vigumu vya densi ya balei, vya kusimamia ncha za vidole. Asivinunue hata kama vimeshuka bei, na hata kama keshapelekewa kipimo cha mguu wa binti yako Ilham ulichochora kwenye karatasi.

Najua umeshamuahidi mtoto. Atalia. Na alie.

Viatu vya ncha mtoto hapewi kwa kuwa anavipenda, wala kwa kuwa mwenzake wa kwenye simu anavyo. Walimu wengi wa balei hawalifikirii jambo hilo kabla ya miaka 11 au 12, na hapo ni kwa mtoto aliyesomeshwa sawasawa miaka 2 au 3 mfululizo, darasa zaidi ya moja kwa wiki. Ilham ana miaka 9 na darasa lake kubwa ni simu ya baba yake. Watu husema sababu ni mifupa kuwa laini. Ni kweli mifupa ya mguu ina sehemu za gegedu ambako ndiko inakokulia, lakini hizo hata mtoto wa miaka 12 hazijafunga, hufunga ujana ukishakolea. Kinachoilinda ni nguvu ya misuli na namna anavyojishikilia, maana uzito wote unakaa juu ya sentimita chache za mraba. Akiyumba, kifundo ndicho kinacholipa.

Ukitaka kuhakikisha, mpime mwenyewe kesho. Mkalishe chini, miguu mbele, anyooshe wayo na vidole kwa nguvu zake zote, kisha mwekee penseli juu ya kifundo, upande mmoja iegemee muundi na upande wa pili mgongo wa mguu. Ikilala sawa, mguu unafika. Ikibinuliwa na kifundo, basi akipanda kwenye ncha uzito utabaki nyuma na magoti yatajikunja. Halafu asimame mguu mmoja, goti limenyooka, apandishe na kushusha kisigino mara 20. Wewe kaa nyuma yake utazame kisigino. Kikianza kupanda nusu, au kifundo kikaanza kumwaga uzito upande wa kidole kidogo, hesabu imeishia hapo, usimwongezee za huruma. La mwisho: mguu mmoja chini, kiwiliwili kimeinama mbele, mguu wa pili umenyooka nyuma, kisha akunje goti alilosimamia huku mikono ikishuka kugusa sakafu. Mara 5. Goti likiingia ndani au nyonga ikipinda zaidi ya mara moja, bado. Na hata akifaulu yote matatu, anayeamua ni mwalimu anayemwona kwa macho.

Kuna na hili la kununuliwa kwa mbali. Sisi tumezoea kiatu cha skuli kimzidi kidogo, akue nacho. Hiki ukikifanyia hivyo, mguu unazama ndani ya ile sehemu ngumu ya mbele na kidole gumba kinabeba peke yake: kucha inakuwa nyeusi, ngozi inachubuka, mtoto anajifunza kukunja vidole ili kukwepa maumivu. Kikibana, vidole vinalaliana. Na lile bamba gumu la chini ya wayo likiwa kali kuliko nguvu zake, hawezi kupanda hatua kwa hatua, anaruka tu kutoka chini mpaka juu. Ndiyo maana vinajaribiwa dukani, miguu yote miwili, kwa kukunja magoti na kwa kupanda, na fundi anabana satini ya kisigino kwa vidole aone imebaki kiasi gani. Karatasi yako haiwezi kusema hayo.

Tena kiatu chenyewe ni vitambaa na karatasi zilizoshikwa kwa gundi. Unyevu ndio adui yake. Masika ya Pemba unayajua, shoga, hata chumvi inalia kwenye mkebe. Kitafika kigumu na kitalainika kabatini kabla hajakivaa. Wakati wake ukifika, basi kinakaa kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, na kinakaushwa kwa feni.

Wifi mwachie kazi nyingine. Alete jozi 2 za viatu laini vya turubai, vya kukaa mguuni kama soksi, na lastiki za ziada. Ile kamba ndogo ya kukazia mbele Ilham aifunge fundo na kuisukumia ndani. Wengi wanaivuta mpaka ukingo wa nyuma unakata ukano wa kisigino, halafu wanasema balei inaumiza. Kuhusu rangi uliyoniuliza: viatu vya ncha vya rangi ya ngozi yetu vipo. Freed of London, watengeneza viatu, walivitoa 2018 pamoja na kundi la Ballet Black, na kabla ya hapo wachezaji weusi wengi walikuwa wakipaka vipodozi vya uso juu ya satini ya waridi jozi baada ya jozi. Basi siku yake ikifika hatakosa.

Hizo pesa zilizobaki ndizo nizitakazo kwenye sakafu. Hapa nisikilize vizuri, maana Fundi Haji nitamkuta nimeshachelewa. Ukumbi wenu ni saruji juu ya udongo, mtoto anaruka juu yake kila jioni, kila anapotua mshindo unarudi kwenye muundi na magoti. Taili ni mbaya zaidi, soksi juu ya taili ni kutafuta mfupa uvunjike. Nunua mbao za plaiwudi za milimita 12, futi 4 kwa 8, nne. Chini panga vipande vya ile mikeka minene ya mpira ya watoto ya kuunganisha, ya sentimita 2, umekata miraba ya sentimita 10, mmoja kila sentimita 30, na kingoni safu isiyokatika. Sponji la godoro hapana, linalala siku ya pili. Juu yake plaiwudi 2 zilale huku, na 2 za juu zikate upande wa pili, ili maungio yasikutane. Yakikutana pataingia bonde na kidole kitanasa. Skrubu za milimita 20. Haji atataka za 30, na za 30 zitatokea chini na kutoboa mpira. Atataka vilevile kupigilia kila kitu kwenye saruji kwa misumari, hapo ndipo utakapokuwa umenunua saruji ya mbao. Sakafu izuie isiguse ukuta, acha sentimita 1 pembeni, mbao zitavimba. Juu kabisa kapeti la plastiki lisilong'aa, limebandikwa kingoni. Na mwambie mama mkwe kwamba si pa kuanikia karafuu, hata msimu ukiwa mzuri vipi.

Bomba la kushikia, la Ilham lifike kiunoni kwake, lako juu zaidi. Nondo za dirisha zinatosha kwa kuanzia. Mkono unalala tu, haushiki, na unakaa mbele kidogo ya mwili. Mwambie ainue vidole ghafla katikati ya zoezi. Akianguka, alikuwa ananing'inia.

Kuna mambo mengine ya kumlinda, nayapita haraka. Miguu kutazama nje inatoka kwenye nyonga, haitoki kwenye wayo. Anapokunja magoti kwenye pliye, goti lifuate kidole cha pili. Akilazimisha nyayo zaidi ya nyonga zake, goti linasokotwa na upinde wa wayo unaanguka. Video zile za nyayo kutengeneza mstari mmoja, mfungie. Msamba apige mwenyewe taratibu, mwili ukiwa umeshapata moto, na kaka yake asimkalie mgongoni "kumsaidia." Akianza kurefuka kwa kasi, mifupa itaitangulia misuli: atakaza, atapoteza mizani, atalalamika kisigino kwa nyuma au chini ya goti pale pa kivimbe. Wakati huo punguza kuruka, usimkataze kucheza. Lakini maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, au yanayomwamsha usiku, hayo ni ya daktari.

Na chakula, Salma, tafadhali. Asisikie mtu akitaja unene. Msichana anayejinyima, hedhi inachelewa au inakatika, na mfupa wake unaanza kupasuka kwa mazoezi ya kawaida. Dagaa, maziwa, maharage, mchicha na ndimu. Chai ya rangi isubiri mbali na chakula, inazuia madini ya chuma. Ramadhani, akiwa amefunga, nusu saa ya mikono na kujinyoosha kabla ya futari inamtosha, kuruka kubaki baada ya tarawehe.

Haya, na wewe. Ulisema kwa kicheko lakini nimekusikia: unataka kurudi. Miaka 38, watoto watatu, mara ya mwisho kushika bomba ulikuwa na miaka 17 kule Nairobi. Rudi. London, taasisi ya densi ya Royal Academy of Dance wana madarasa mahususi ya waliovuka miaka 55, wewe bado mtoto. Ila mwili wako utakudanganya kwa namna moja: kichwa kitakumbuka hatua zote siku ya kwanza, misuli itafuata baada ya wiki chache, na ukano wa kisigino utahitaji miezi. Wanaoumia ndio wanaofuata kichwa. Kwa hiyo mara 2 kwa wiki, dakika 30 hadi 40, mwezi wa kwanza bombani tu. Pliye ndogo, mara 8 miguu mkao wa kwanza, visigino vimeshikana, mara 8 mkao wa pili, vimeachana, zile za kushuka mpaka chini bado. Tendu, yaani kunyoosha mguu, mbele, pembeni, nyuma, polepole, wayo ukisugua sakafu na ncha za vidole zibaki chini. Mkao wa tano, wa nyayo kupandana kabisa, uuache, wa tatu, wa kupandana nusu, unatosha. Kisha visigino: miguu miwili, 8 mara 3, ukizoea mguu mmoja, na fanya nyingine goti limekunjwa, maana goti likikunjwa ndipo misuli ya ndani ya shavu la mguu inapobeba kazi zaidi. Usiruke mpaka ufike 20 za mguu mmoja. Usiku mguu ukikaza, kawaida. Asubuhi ya pili bado unachechemea, ulizidisha, punguza nusu.

Na hili tuseme wawili: ukiruka ukahisi mkojo unatoka, usikae kimya ukaona ndiyo uzazi. Misuli ya chini ya nyonga inafunzwa kama mingine. Ianze kabla ya kuruka, na anza kuikaza unapotoa pumzi.

Mavazi hayana ugomvi, mkiwa wanawake watupu. Suruali ya kubana na sketi fupi juu yake, goti lionekane. Ushungi usifungwe kwa pini, ufungwe fundo nyuma. Pini ikichomoka kwenye mzunguko ni jicho la mtu. Mama mkwe akisema ni mambo ya kizungu, muulize wanaume wa ngoma ya msewe wanaofunga njuga miguuni ni wa wapi. Atacheka, namjua.

Hayo ya Ilham yananirudia tena. Akikuuliza "nitakuwa nimechelewa?", mwambie Misty Copeland alianza balei akiwa na miaka 13 na mwaka 2015 akawa mchezaji mkuu wa kundi la American Ballet Theatre, wa kwanza mwanamke Mmarekani mweusi kufika pale. Usimwambie kwamba alisimamia ncha miezi michache tu baada ya kuanza, maana atakushinda hoja. Yule alikuwa na mwalimu mbele yake kila siku.

Basi nijibu upesi. Wifi umempata? Amekasirika? Penseli ililala au ilibinuka, na kisigino cha kushoto kilifika ngapi, kilikuwa sawa na cha kulia? Haji yuko Chake au bado yuko Mkoani kwa ile nyumba ya mzee? Plaiwudi huko bei gani sasa hivi, au nizitafute hapa Darajani nizipakie kwenye boti? Baba Ilham anajua kuwa ukumbi wake unachukuliwa futi 8 kwa 8? Na kile kisa cha Mwanakombo na mashine ya kushonea kimeishia wapi? Na mdogo wako, keshajifungua?

Salamu kwa wote, na kwa mama mkwe za pekee.

Wako,
Rukia

Skrubu nitakuletea mimi. Za 20.