Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Wahudumu wa Hoteli

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: misiba miwili, harusi moja, maandamano ya Mei Mosi na semina ya Machi. Sitawapotezea muda.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti alichota shilingi 480,000 za mfuko akampa wakili kwa ajili ya mtu mmoja, tena mwenye deni la ada ya miezi minne. Ni kweli, nilizichota. Dada yetu yule alimwandikia mwajiri kulalamika kuwa msimamizi wake kila asubuhi humgusa tumbo mbele ya wenzake na kumuuliza mimba hiyo ni ya mgeni wa chumba gani. Siku tisa baadaye akapewa barua ya kuachishwa kazi, mistari mitatu: kupunguza wafanyakazi. Alipunguzwa yeye peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ujauzito wake, na unyanyasaji inauhesabu kuwa ubaguzi. Kifungu cha 37 nacho hakikubali mtu afukuzwe kwa mimba, wala kwa kudai haki yake. Tena mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alimwachisha kwa halali. Ila shauri la kuachishwa linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na dada alipokaa kwenye benchi langu na barua yake imekunjwa mara nne, ilikuwa siku ya 26. Niliitisha kamati mara mbili kwa siku mbili. Walikuja watatu, kisha wanne. Katiba inataka sita. Mlitaka nisubiri akidi mpaka siku ya 31?

Wanaosema Tume haitozi kitu wanasema kweli. Wakili anatoza. Nauli nilitoa mfukoni mwangu, na hilo sikulisema mpaka leo.

Usuluhishi ulishindikana, shauri liko kwenye uamuzi. Kinachokosekana ni mashahidi. Mliokuwa jikoni asubuhi zile mnajijua. Mnaogopa nanyi mtapunguzwa, nawaelewa, lakini msiniulize tena pesa zimezaa nini.

Ada: wanachama 140, waliomaliza kulipa 52. Leo tumo 37 humu ukumbini na soda zilinunuliwa mia.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwa na mfuko wa mashauri, na pengine ofisi. Mweka hazina atasoma hesabu. Ya wakili mniulize mimi. Mweka hazina alitia saini kwa sababu nilimwambia atie.