Kabla ya kuagiza gari la wazi, tazama mwembe wako

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa wiki iliyopita anayetaka kuagiza Mazda MX-5 mpya kutoka Japani, kigari cha paa la turubai linalokunjwa, akauliza kama gari la wazi lina maana kwa mkazi wa Dar es Salaam. Nimeshona viti na mapaa ya turubai kwa miaka 34. Nilianza na maturubai ya Land Rover, na hizo MX-5 zimepita mikononi mwangu nne. Si nyingi, ila matumbo yake nayajua kuliko wenyewe wanaoziendesha.

Kwamba bei yake ni nafuu, ni kweli, lakini hukohuko kwao. Japani toleo la chini kabisa huuzwa yeni milioni 3 kasoro kidogo. Likifika bandarini kwetu, bei yake pamoja na nauli ya meli na bima inatozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1500. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18. Piga mwenyewe: kila shilingi 100 inakuwa karibu 155, na bado hujamlipa wakala wala hujapata namba. Pesa hiyo inanunua Toyota IST safi, na chenji inabaki ya kutafutia kiwanja Chanika cha kuiegesha.

Hesabu hiyo ataimaliza mwenyewe. Mimi nataka nimwonyeshe kitu ambacho muuzaji hatamwonyesha.

Masika ya mwaka juzi kijana mmoja wa Tabata aliniletea ya toleo la kwanza, nyekundu, ile ambayo taa zake zinainuka kama macho ya chura. Malalamiko yake: ndani kunanuka kama tambara la deki. Alishabadilisha mipira ya milango, akapaka silikoni kila penye mwanya, na zulia bado linalowa. Nikakunja paa, nikapitisha kidole nyuma ya kiti, pale turubai linapokutana na bodi. Hapo pana mfereji, na kila upande mfereji unaishia kwenye tundu la kushushia maji chini ya gari, karibu na tairi la nyuma. Nikachukua spoki ya baiskeli, nikaipinda ncha nisije nikatoboa bomba, nikaichomeka taratibu. Kikatoka kikonyo cha maua ya mwembe, kimekauka. Kikafuata kibonge cheusi kama ugoro. Kisha maji ya kahawia yakaporomoka chini ya gari mpaka yakalowesha kandambili zangu.

Nikamuuliza, "Nyumbani unaegesha chini ya mwembe?"

"Ndiyo, mzee. Si kuna kivuli?"

Nikainama nikagusa chuma cha chini ya mlango kwa bisibisi. Ikazama yenyewe, kutu imeshakila.

Msomaji wako atasema lake litakuwa jipya. Sawa, lakini jipya nalo lina matundu hayohayo, na miembe yetu haiulizi gari ni la mwaka gani. Nafuu ya jipya ni kioo cha nyuma: yale ya mwanzo yalikuja na plastiki, ambayo kwa jua letu hugeuka njano halafu hupasuka, sasa ni kioo halisi. Paa nalo ni la mkono, halina mota ya kuungua. Unafungua komeo moja juu ya kioo cha mbele, unalitupa nyuma ukiwa umekaa palepale kitini. Kazi safi, nakiri kama fundi.

Mengine ni ya kujua tu. Viti ni viwili, kwa hiyo mama mkwe apande bajaji. Buti ni lita 130 hivi, yaani ndoo sita za maji na kidumu. Tairi la akiba hakuna, unapewa chupa ya gundi na pampu. Tairi likichanika usiku huko Mkuranga, gundi hiyo utapaka wapi? Na kisu cha mwizi hakijali turubai ni la Japani, basi usiache hata miwani ndani.

Waliomjibu kwamba hilo ni toy la watoto wa matajiri, hapo siko nao. Gari hili lilionyeshwa kwanza Chicago mwaka 1989, na mwaka 2016 yaliyotengenezwa yakavuka 1,000,000. Uzito wake ni tani moja hivi, kama IST. Ndiyo maana injini ndogo inalitosha.

Isitoshe nimelipanda. Yule kijana, baada ya kazi, alinipitisha jioni Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, paa chini. Gia inaingia kama kitasa kipya. Mshale ulikuwa 60, mimi nikaapa ni 100. Nilinusa mishikaki kabla ya kuliona jiko. Kwenye foleni konda wa daladala akachungulia kutoka juu, akaniuliza, "Mzee, umekaa kwenye karai?" Nilicheka mpaka machozi, na kushuka nilishuka kwa kushikwa mkono, magoti yalikuwa yamegoma. Tangu siku ile mke wangu ananikataza kulizungumzia gari hilo mezani.

Basi jibu langu: kama ana gari jingine la kubebea watoto na saruji, na ana banda la bati la kulilaza hili, aagize, pesa yake haikupotea. Kama atalitegemea hilo peke yake, asubiri. Na likifika, kila mwezi amwage kikombe cha maji kwenye mfereji, kulia na kushoto, ainame aone kama yanatoka chini. Yasipotoka, spoki ninazo.

Ule mwembe, kama ni wa nyumba ya kupanga, aanze kuzungumza na mwenye nyumba sasa hivi.

Fundi wa viti na mapaa ya magari,
Ilala, Dar es Salaam