Mkate wa Kumimina wa Sukari Guru

Ngamiani, Tanga
Mwezi wa Shaaban

Kwako somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu na kukujulia hali wewe, shemeji na wanetu wote huko Dodoma, sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana.

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Umenieleza kwamba mwanetu mkubwa amekushikilia akitaka umfundishe mkate wa kumimina kabla mwezi haujaandama, tena si mkate wowote bali ule wa kwetu, wenye rangi ya hudhurungi, ambao wewe na mimi tulikuwa tukiufuturia kibarazani. Kabla sijakuandikia vipimo, inanibidi nikueleze jambo ambalo huenda hukulijua, kwa kuwa nyinyi mlihamia mtaani kwetu baadaye: mkate ule si mapishi ya asili ya ukoo wetu, na ukimwambia mtoto kwamba hivyo ndivyo walivyopika wazee wa Pangani, shangazi yangu hatatusamehe sote wawili.

Bibi mzaa baba alitoka Pangani, na mkate aliofundishwa na mama yake ulikuwa mweupe, wa sukari nyeupe, iliki na ute wa yai. Aliolewa na babu, ambaye alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kwa miaka mingi likawa ndilo linaloulisha mkoa huu. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960, baada ya kamba na magunia ya plastiki kuingia sokoni, nyumba yetu ilianza kubana matumizi kabla nchi nzima haijaanza. Kisha vikaja vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, na baada ya vita Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Nawe unajua jinsi miezi ile ilivyorefuka. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vya kupangiwa foleni katika duka la kaya, na aliyefika mwisho wa foleni alirudi na kikapu kitupu.

Mwezi mtukufu haungojei sukari ipatikane. Jamaa mmoja wa upande wa Muheza alikuwa akituletea sukari guru, vipande vyeusi vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, vyenye harufu ya moshi na ya miwa iliyochemshwa mno, na bibi akaamua kuitia hiyo katika mkate. Mayai nayo hayakuwapo, akayaacha. Hamira ilipoadimika, wapo majirani walioumulia kwa tembo jipya la mnazi. Bibi hakutaka kulisikia hilo, akawa anabakiza kila siku kikombe cha rojo iliyokwisha kuumuka ili ichachue ya kesho yake. Hapo ndipo ulipopatikana mkate unaoukumbuka. Siku ambazo mchele wenyewe haukuwapo tulikula bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, na hakuna aliyelalamika, angalau si mbele ya bibi.

Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena, na shangazi akaja kutoka Pangani na mfuko wa sukari nyeupe ili, kama alivyosema, nyumba irudishiwe heshima yake. Akapika mkate mweupe, mzuri, uliochambuka vizuri. Sisi watoto tukaula kwa adabu, kisha tukamuuliza bibi atapika lini mkate wetu. Ugomvi ule haujesha mpaka leo. Shangazi anashikilia kuwa kumwekea mgeni mkate wa guru ni kumtangazia dhiki zako, na kwa upande wa historia ana haki, maana ni kweli mkate ule ulizaliwa na dhiki. Kwa upande wa ladha, hata hivyo, mimi simwungi mkono: sukari nyeupe hutia utamu tu, ilhali guru hutia utamu pamoja na uchungu kidogo unaolikata tui lisikinaishe, hata ukaweza kula kipande cha pili bila kuhitaji maji.

Sasa vipimo. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, na uwe mchele wa zamani kidogo, kwa kuwa ule mpya unaonata hutoa mkate mzito katikati. Asubuhi uchuje maji yote, kisha uusage pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, iliki ya kijiko kidogo kimoja na hamira ya kijiko kidogo kimoja, mpaka ukiisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga hata moja. Bibi alitwanga kinuni na kuchekecha. Wewe tumia mashine bila kuona haya. Funika, uache iumuke mahali penye joto. Guru huitii wakati huu. Chukua kiasi kinachojaa kikombe kimoja ikishapondwa, uiyeyushe motoni kwa tui jepesi kidogo sana, uichuje kwa kitambaa kwa sababu haikosi mchanga na nyuzi za miwa, kisha uiache ipoe kabisa, maana ikiwa moto itaua hamira na kazi yote itakuwa bure. Rojo ikishajaa mapovu, mimina guru hiyo huku ukikoroga polepole kwa mwiko, uiache tena kidogo ipate kuamka.

Pakaa sufuria mafuta, uitie moto kwanza, ndipo umimine. Usifunike mara moja. Utaona kingo zikianza kushika na matundu madogo yakifunguka juu, kwanza pembeni, halafu yakielekea katikati. Yakifika katikati, funika na upalie makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko yaliyo chini. Makaa ya vifuu ndiyo bora, lakini najua huko hayapatikani, na jiko la oveni litafaa. Ukichoma kijiti kikatoka kikavu, epua, wala usiupindue mpaka upoe, kwa sababu mkate wa guru hushika sufuria kuliko ule mweupe.

Kinachonitia wasiwasi ni nazi. Zinazofika Dodoma zimesafiri mbali na nyingine zimekwisha kuchacha ndani, kwa hiyo itikise kila moja sikioni kabla ya kununua, na isiyo na maji uiache hapo hapo. Kwa tui la kopo mkate utaumuka vizuri, ila harufu yake ni hafifu, na itakubidi uongeze iliki.

Umeniuliza pia habari za mchuzi wa papa, nao sina mengi ya kusema. Papa mkavu umchemshe na kumwaga maji yake mpaka chumvi ipungue, umchambue, umuunge kwa kitunguu, bilingani na embe mbichi, na tui zito liingie mwisho kabisa huku ukipawa bila kuacha, lisije likakatika. Kama mwanetu hapendi harufu ya papa, usimlazimishe. Hata mimi nilichukua miaka.

Nimekufungia sukari guru na iliki ya Amani, na kifurushi nitampa kijana wa basi linaloondoka asubuhi ya Alhamisi. Mpigie shemeji akipokee stendi kabla hakijachanganywa na mizigo ya watu. Mkishapika niandikie ulivyotoka, na unieleze kama tui lilikuwa la nazi au la kopo, maana shangazi amekwisha kujua kwamba nakuandikia na ndilo swali lake la kwanza.

Wasalaam,
Mimi somo yako